Ekzosi ya DT na XL za zamani: jua kwanza sailensa yako ni ya aina gani, ndio ushike spana

Hizi pikipiki za Yamaha DT, Honda XL na XR, Suzuki TS na TF, zile zilizokuwa za miradi na za misheni na za mabwana shamba alafu zikaja kuuzwa mnadani, bado zipo nyingi huku kwetu Arusha na Kilimanjaro, toka Ngaramtoni mpaka Himo unazikuta zinapanda mlima na gunia la mbolea nyuma. Injini zake ngumu kweli kweli. Ila ekzosi ndio inasahaulika, mtu anabadilisha oili, anabadilisha plagi, anafungua kabureta mara kumi, kumbe sailensa imeziba masizi au imeliwa ndani, na akifika kwa fundi wa kijiweni dawa anayopewa ni moja tu, kata, toboa, chomelea bomba la pikipiki nyingine. Hilo linaniuma kwasababu sailensa ya kiwandani ukishaikata kupata nyingine ni kazi, na nyingi ninazoona zimekatwa zilikuwa zinahitaji kufunguliwa na kusafishwa tu, kazi ya mchana mmoja.

Sasa shida ni kwamba sailensa haziko za aina moja, na dawa ya hii ni sumu kwa ile. Ukimwaga kostiki soda (ile ya kutengenezea sabuni) kwenye ya alumini umeiua, ukichoma moto ile yenye sufi ya glasi ya kumeza sauti umeharibu sufi, ukitafuta sufi kwenye ile ya vyumba utapasua bati bure na hutakuta kitu. Kwahiyo tuanze na kutambua.

KUTAMBUA

Angalia injini kwanza. DT, TS, TF125 na AG100 (ya Yamaha) ni za 2T (tuu-stroki), yani zinachoma oili pamoja na petroli. XL, XR, na XT na AG200 za Yamaha, ni foo-stroki, oili yake inakaa chini kwenye injini na haitakiwi kuungua.

Ekzosi ya 2T utaijua kwa tumbo. Inatoka kwenye silinda nyembamba, inanenepa, inafika katikati ina tumbo, alafu inabana tena na kuishia kwenye mkia mwembamba. Hilo tumbo sio urembo. Moshi ukitoka kwa kishindo unapiga mawimbi, wimbi likifika pale bomba linapoanza kubana linarudi nyuma na kusukuma ndani ule mchanganyiko mbichi wa petroli uliotaka kutorokea kwenye tundu la ekzosi. Ndio maana DT iliyobonyea tumbo vibaya au yenye tundu la kutu inakosa nguvu hata kama pistoni na ringi ni mpya, na ndio maana pia ule mkia mwembamba hautakiwi kuguswa, ukiupanua unapoteza nguvu, ukiubana zaidi joto linarudi kwenye pistoni mpaka inashika, yani inagandama kwenye silinda.

Baada ya hapo njoo mwisho wa bomba na vitu vitatu: sumaku (hata ya spika bovu ya redio), tochi ya simu, na kipande cha waya mgumu.

Sumaku ikishika, ni chuma. Isiposhika ni alumini au stenlesi, na kama ni nyepesi na inakwaruzika kwa ukucha wa bisibisi bila shida basi ni alumini, weka mbali kabisa na kostiki soda.

Piga tochi ndani. Ukiona bomba limenyooka lenye matundu madogo madogo pembeni kuzunguka, hiyo ni ya sufi, yani nje kuna ganda, ndani kuna bomba la matundu, na katikati yake imejazwa sufi ya glasi inayomeza sauti. Hizi mara nyingi zina riveti au bolti ndogo kuzunguka kifuniko cha nyuma. Ukiona kibomba kidogo alafu ukuta, waya unaingia kidogo tu unagonga bati, hiyo ni ya vyumba, moshi unazungushwa chumba hadi chumba, na ndivyo zilivyo XL nyingi za kiwandani, zimechomelewa zote na hazina sufi ya kubadilisha. Na kwenye DT na TS za zamani, zile ambazo tumbo na sailensa ni kitu kimoja cha chuma, kuna bolti moja ndogo kwa chini au pembeni karibu na ncha ya mkia. Hiyo bolti imeshika kibomba cha ndani ambacho kinachomoka chote. Watu wanamiliki pikipiki miaka na hawajui kama kinachomoka!

Aina ya mwisho ni zenye kizuia cheche. Pikipiki zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zinakuwa nacho, na kwenye bati unakuta wamegonga maandishi ya US Forest Service, kwasababu kule zinapita kwenye misitu ya serikali na cheche ya masizi inaweza kuwasha moto. Zina bolti au kifuniko kidogo kwa chini ya sailensa cha kutolea masizi. Ukiikuta hiyo bolti usiifunge kwa kuchomelea, ina kazi yake, nitaeleza mbele.

Kama hujui ekzosi iliyopo ni yake au ilipandikizwa, isugue kwa brashi ya waya karibu na flanji (pale bomba linapofungwa kwenye injini) au kwenye bati la ndani linaloangalia tairi, tafuta herufi zilizogongwa. Honda wanagonga HM na herufi au namba za modeli pembeni yake. Kawasaki wanagonga KHI. Yamaha unakuta kodi ya herufi na namba tatu ambayo ndio mwanzo wa namba zote za spea za modeli hiyo. Ukishaipata hiyo kuagiza gasketi kunakuwa rahisi, gasketi ya ekzosi ya Yamaha kwa kawaida ina 14613 katikati ya namba yake, ya Honda inaanza na 18291. Nenda dukani na namba, au nenda na ile gasketi ya zamani mkononi, usiende na maneno tu.

DALILI, KABLA HUJAFUNGUA

Injini ikiwa ya baridi iwashe, vaa glavu, shika kitambaa kinene uzibe mdomo wa ekzosi kidogo tu, sekunde mbili tatu, alafu sikiliza. Ikiwa nzima injini inataka kuzima na unasikia presha inasukuma kitambaa. Ikiwa inavuja utasikia inapiga "fsss" kwenye hedi (kichwa cha injini) au kwenye maungio, na hapo hapo ukiangalia mara nyingi kuna mstari mweusi wa masizi. Ukikosa kuona, pulizia maji ya sabuni kwenye maungio kabla bomba halijapata moto, povu litakuonyesha.

XL inayopiga risasi ukiachia resi kwenye mteremko, kama pale unashuka toka Marangu, mara nyingi inavuta hewa kwenye gasketi ya ekzosi pale inapoungana na hedi. Badilisha gasketi hiyo kabla hujaigusa kabureta.

DT ambayo haipandi resi, yani inavuta vizuri chini alafu inagoma kabisa, huwa imeziba. Kama sauti imekuwa kali ya kupasua masikio lakini nguvu ipo, sufi imeisha. Ukitikisa sailensa ukasikia kitu kinacheza ndani, bati la chumba limekatika.

Na kuna hii moja ya kuangalia sana kwa wenye 2T: moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto, sailensa inadondosha oili, alafu oili ya gia inapungua bila kuvuja chini. Hapo sili ya krenki (raba inayozuia oili kwenye shafti) upande wa klachi imekufa, injini inanyonya oili ya gia na kuichoma. Usisumbuke kusafisha sailensa mpaka ubadilishe sili, maana utaisafisha leo na mwezi ujao imelowa tena.

KUFUNGUA BILA KUKATA STADI

Hapa nakaa kidogo kwasababu hapa ndipo watu wanapopata hasara. Nati za ekzosi kwenye hedi zimepikwa na joto na kutu miaka na miaka, na stadi yake (ile bolti isiyo na kichwa) imeingia kwenye alumini. Ikikatika ndani, unaongelea drili, kuchonga uzi upya, pengine kutoa hedi nzima.

Siku moja kabla pulizia WD-40 au pakaza dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi, usiku rudia. Kesho yake sugua uzi unaoonekana nje kwa brashi ya waya mpaka ung'ae, maana nati inapita kwenye huo uzi ikitoka, ukiacha uchafu ndio inakwama. Tumia boksi ya pembe sita inayobana vizuri, sio spana iliyolegea. Anza kwa kukaza kidogo sana, kama kuigutusha, alafu legeza robo, rudisha, legeza nusu, rudisha. Ikigoma, pasha moto nati yenyewe kwa gesi (tenki la petroli limetolewa na limewekwa mbali kabisa, sio limesogezwa pembeni), iache ipoe, ipulizie tena, jaribu tena. Haraka haisaidii hapa hata kidogo. DT nyingine za zamani hazina stadi, zina nati ya duara yenye meno inayozunguka bomba lote, hiyo inataka spana ya ndoano, ukiigonga kwa patasi unaumiza uzi wa silinda.

Springi za ekzosi zivute kwa ndoano ya waya mnene au kamba imara, vaa miwani, ikichomoka inaruka usoni.

Legeza bolti zote kwanza bila kuzitoa, ya nyuma kwenye chesisi, ya katikati, za mbele, alafu ndio utoe. Gasketi ya zamani iloweshe maji kabla ya kuikwangua, gasketi za miaka hiyo nyingine zilitengenezwa na asbesto na vumbi lake halifai kabisa kuvutwa.

ZA 2T: KUTOA MASIZI

Toa ile bolti ndogo ya mkiani, shika ncha ya kibomba kwa plaizi ya kubana, zungusha kushoto kulia huku unavuta. Kikigoma pasha moto mkia kwa nje. Kikitoka utakuta kimefunikwa masizi meusi magumu yanayong'aa kama lami, na yale matundu yake mengine hayaonekani kabisa. Kichome kwa gesi au kwenye mkaa uliokolea mpaka masizi yageuke majivu, gonga gonga kwa mti, sugua kwa brashi ya waya, zibua tundu moja moja kwa msumari. Fanyia nje, pasipo na majani makavu ya migomba, moshi wake mchafu na oili iliyobaki inawaka moto wa ghafla. Kikiwa kimekatika, fundi atakutengenezea kingine ila kipenyo kiwe kile kile, na usikiache nje ukaendesha bila hicho kwa kutaka sauti, DT inapoteza nguvu ya chini ambayo ndio unayoihitaji kwenye mlima.

Tumbo lenyewe, likiwa ni la chuma tupu na sio la sufi, lisafishe kwa kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni. Kama robo kilo kwa lita mbili za maji. Chukua ndoo ya plastiki, tanguliza maji baridi alafu mimina soda kidogo kidogo, KAMWE usimwagie maji juu ya soda, inachemka na kukurukia. Glavu za mpira, miwani, mikono mirefu, watoto na kuku mbali. Ziba upande mmoja wa bomba kwa kizibo cha mti kilichobana, lisimamishe, mimina, upande wa juu ubaki wazi, acha mpaka kesho. Soda inavua rangi yote kwahiyo jua utapaka upya rangi ya kuvumilia joto. Asubuhi mwaga, suuza kwa maji mengi mara kadhaa, likaushe kwenye jua, alafu paka oili nyepesi ndani lisishike kutu. Hayo maji usimwage kwenye mfereji wa umwagiliaji, wenzako huko chini wananyweshea mboga na ng'ombe. Chimba shimo mbali na maji.

Ekzosi ikiwa nje, kwangua na tundu la silinda. Kanyaga kiki taratibu mpaka pistoni ipande juu na kufunika tundu, ndio ukwangue kwa kijiti kigumu cha mti, sio kwa bisibisi, alafu puliza masizi yote yatoke kabla hujaizungusha tena injini.

ZA SUFI: KUJAZA UPYA

Piga alama kwa msumari inayopita kwenye ganda na kifuniko, ili urudishe vilevile. Toboa vichwa vya riveti kwa drili, nyingi ni za milimita 4.8, kwahiyo tumia drili ya 4.8 au 5, kichwa kikichomoka acha usiendelee kupanua tundu. Gonga kifuniko kwa nyundo ya mpira, kikiwa kimegandwa na silikoni ya zamani kipashe moto kidogo. Vaa barakoa na mikono mirefu maana sufi ya glasi inawasha vibaya mno, na ile ya zamani imejaa masizi.

Bomba la matundu lisugue, lizibue. Kama limeliwa tundu kubwa badilisha, vinginevyo sufi mpya itapulizwa nje wiki mbili tu.

Sufi ya kujazia ndio swali ninaloulizwa sana. Zipo zilizotengenezwa maalum kwa sailensa na ukipata ni bora. Ukikosa, ulizia mkeka wa faiba mkavu, usiopakwa gundi, kwa mafundi wanaotengeneza bodi za faiba, Arusha hawakosekani kwasababu ya magari ya utalii. Sufi ya kwenye oveni bovu nayo inafaa. Usiweke godoro, usiweke katani, usiweke pamba, hivyo vinawaka. Kwa foo-stroki, ambayo moshi wake una moto zaidi, zungushia kwanza bomba la matundu tabaka jembamba la stilwaya ya stenlesi, juu yake ndio faiba, inadumu zaidi. Ile stilwaya ya kawaida inaungua na kuoza haraka.

Zungusha mpaka unene ukaribie ganda, funga kwa uzi wa pamba, uzi utaungua wenyewe baadae. Ganda liingie kwa kusukuma kwa mkono kwa shida kidogo. Likiingia lenyewe tu umeweka kidogo na itacheza, ikibidi ulipigie nyundo umeshindilia sana na sauti haitamezwa. Pakaza silikoni nyekundu ya joto kali kidogo tu kwenye mdomo, funga riveti mpya, stenlesi au chuma zinavumilia kuliko za alumini.

ZA VYUMBA NA ZENYE KIZUIA CHECHE

XL ya vyumba huifungui. Igonge kwa nyundo ya mpira kuzunguka, itikise masizi yatoke, zibua lile tundu dogo la chini la kutolea maji. Pikipiki ya safari fupi fupi, nyumbani hadi dukani, haipati moto wa kukausha maji yanayojikusanya ndani, na huku Kibosho na Machame kwenye mvua na baridi ndio zinaoza kwa chini. Pia mkiosha kwa mashine ya presha zibeni mdomo wa ekzosi, alafu mkumbuke kuzibua.

Yenye kizuia cheche, Honda kwenye vitabu vyao vya XR wanasema isafishwe kila kilomita 1,600 au saa 100. Injini ikiwa ya baridi toa bolti ya chini, washa, vaa glavu na miwani, ziba mdomo wa nyuma kwa kitambaa kwa kushtukiza huku unapiga resi, masizi yatarukia kwenye lile tundu la chini. Rudia mpaka yaishe. Fanya hivi uwanjani, penye hewa, mbali na nyasi kavu. Zima, iache ipoe, rudisha bolti.

Tundu la kutu likiwepo, peleka kwa fundi wa kuchomelea kwa gesi au kwa MIG (mashine ya waya mwembamba). Bati hili ni jembamba, kijiti kinene cha umeme kinalichoma tundu kubwa kuliko uliloenda nalo. Na ekzosi itolewe kwenye pikipiki kabisa, usikubali wachomelee ikiwa imefungwa, umeme unaweza kuua CDI, kile kifaa kinacholeta cheche kwenye plagi.

KUFUNGA

Gasketi mpya. Kama yako ni ringi ya shaba tupu na dukani hakuna, ipashe mpaka iwe nyekundu, itumbukize kwenye maji, inakuwa laini na inabana tena. Ile iliyokunjwa yenye nyuzi ndani haifai kurudia.

Ingiza bolti zote kwa vidole kwanza. Kaza za kwenye hedi, zamu kwa zamu kidogo kidogo, alafu maungio, alafu ya nyuma ya chesisi iwe ya mwisho. Ukianza na ya nyuma bomba linabaki limejinyonga, na mtikisiko wa barabara zetu unalipasua shingoni. Raba za kwenye mabano zikiwa zimekufa weka mpya. Paka grisi ya shaba kwenye uzi wa stadi, mtakaokuja kufungua tena mtafurahi.

Kitu kimoja kinachohusu huku juu. Pikipiki iliyosetiwa Dar ukiileta Arusha, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, petroli inakuwa nyingi kuliko hewa na masizi yanajaa haraka. Moshi mjini ni chini zaidi kwahiyo haisumbui sana, ila ukipanda vijiji vya mlimani utaiona. Kama plagi inatoka nyeusi kavu kila mara na chujio la hewa ni safi, mwambie fundi apunguze jeti kubwa ya kabureta (kitundu kinachopitisha petroli) kwa namba moja, alafu aisome plagi tena, inatakiwa kahawia. Ukiirudisha Dar, rudisha na jeti yake, hasa 2T, kwasababu petroli kidogo kwenye hewa nzito inashikisha pistoni.

Washa, acha ipate moto, silikoni na sufi mpya zitatoa moshi na harufu kwa dakika chache, ni kawaida. Endesha mzunguko mfupi, rudi nyumbani, iache ipoe kabisa, alafu kaza tena nati za ekzosi kwenye hedi, mara nyingi zinakuwa zimelegea kidogo.